Mume Wangu Hali Chakula Changu Mpaka Nionje Mbele Yake

Admin, niwekee kisa changu lakini jina langu libaki kwako. Na nyie mnaosoma, msinitukane kabla hamjafika mwisho. Nina miaka thelathini na mbili, mama wa mtoto mmoja wa kike, naishi hapa Geita na mume wangu. Kwetu ni Ushirombo, yeye ni Msukuma wa Kishapu. Nitamwita Baba Neema, ingawa mtoto wetu haitwi hivyo. Anafanya kazi karashani, kule wanakosaga mawe ya dhahabu, akirudi jioni ana vumbi mpaka kwenye kope.

Shida yangu ilianzia jikoni. Tangu tuoane nilikuwa napika ugali na dagaa, kesho ugali na mlenda, Jumapili wali maharage, halafu tunarudi kwenye dagaa. Ikafika mahali nikishika mwiko nachoka kabla sijasonga. Baba Neema naye alikuwa anakula macho yakiwa kwenye simu, ukimuuliza kala nini hajui. Basi nikajiwekea sharti kwamba kila Jumamosi lazima nipike kitu ambacho sijawahi kupika. Nilianza na makande ya nazi. Nikaja kwa sato wa kupaka, nikamuunguza upande mmoja, tukacheka, tukamla hivyo hivyo. Viazi vya rojo, kuku wa mtindi, bamia za kukaanga. Mume wangu akawa anawahi kurudi Jumamosi, anaulizia mlangoni, "Mama Neema, leo umetuletea maajabu gani?" Jamani, nilijiona nimeolewa upya.

Mengi nilifundishwa na mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la viungo sokoni. Siku moja nikamwambia nataka kupika dengu. Akanifungia kipande cha mvuje kwenye karatasi, akasema, "Kidogo tu binti, kama punje ya mtama, weka kwenye mafuta ya moto." Wanaoujua mvuje wanajua unavyonuka. Lakini ukishaiva kwenye mafuta, dengu zinakuwa tamu ajabu.

Siku hizo dada yake mume wangu alikuwa amekuja kukaa kwetu. Akaingia jikoni kutafuta chumvi, akafungua ile karatasi. Nilipogeuka alikuwa ameishika kwa ncha za vidole.

"Wifi, hii nini?"

"Kiungo cha dengu."

"Kiungo kinanuka hivi? Mimi nimezaa, naijua hii. Hii ni dawa, wanafukizia watoto wenye mashetani."

Nikacheka. Laiti nisingecheka. Siku ile hakugusa chakula, alisema amefunga. Baadaye nikamkuta uani na kaka yake wananong'ona Kisukuma, nilipotokea wakahamia kwenye habari za mvua.

Na kwa bahati mbaya Baba Neema akaanza kulalamika tumbo linawaka moto. Nikampeleka hospitali mwenyewe. Daktari akasema ni asidi, apunguze pilipili na mafuta. Nilijilaumu kweli kwa pilipili, nikaziacha kabisa, nikadhani yameisha. Kumbe wifi alishapiga simu Kishapu kwa mama yao, kwamba namwekea kaka yake dawa.

Jumamosi iliyofuata nikapika ndizi za nazi, laini, za mgonjwa. Nikamnawisha mikono. Akaitazama sahani, akaisogeza kwangu. "Anza wewe." Nikadhani ni mapenzi, nikala, nikatabasamu. Yeye hakutabasamu. Alikuwa anatazama koo langu, aone kama nimemeza kweli. 

Nilimchukua wifi mpaka dukani. Yule mama akamweleza, akachukua mvuje kidogo akaulamba mbele yake. Njiani wifi akaniambia, "Mmepangana." Nikaacha mapishi mapya, nikarudi kwenye dagaa. Bado naambiwa anza wewe. Maji ya kunywa anajichotea. Na mimi sasa nimeharibika, nikitoka nafunga jiko kwa kufuli, naogopa mtu asije akaweka kitu chake ili nionekane mchawi kweli. Wifi akipita na mkoba, macho yangu yako kwenye mkoba. Tumekuwa nyumba ya watu wanaochungana mikono.

Halafu mama mkwe akapiga simu. Sote tunamwita Mayu, na hajawahi kunitendea ubaya. "Mwanangu, mimi sikuchukii," akasema. "Njoo huku, kuna mzee atakuangalia. Ukinywa dawa yake ukabaki salama, maneno yameisha." Nikamgeukia mume wangu, "Na wewe unaamini?" Akasema, "Kama huna kitu, unaogopa nini?"

Mimi ni Mkatoliki, lakini si dini tu inayonizuia. Mwanaume anayeogopa dengu zangu anataka ninywe kitu ambacho sijui kimepikwa na nani, kwa majani gani. Nikienda, nimekubali kwamba nina jambo la kuangaliwa. Nisipoenda, watasema nimejishtaki mwenyewe.

Juzi nimetenga chakula cha mchana. Kabla baba yake hajasema neno, mwanangu, ana miaka tisa, akachukua kijiko, akaonja kwenye sahani ya baba yake, akameza, akafungua mdomo wazi kumwonyesha. "Baba kula, hakina kitu." Baba Neema akaweka kijiko chini, akatoka. Nilimwona dirishani ameegemea ukuta, ametupa mgongo. Mpaka leo sijui kama alikuwa analia, au alikuwa anasubiri aone mtoto atakuwaje.

Safari ya Kishapu wameipanga Jumapili hii, na wifi ameshafunga mzigo. Wenzangu, hasa mlioolewa Usukumani, semeni nami kama dada yenu. Nipande hilo gari nikanywe ili ndoa yangu ipone, au nimshike mwanangu mkono nirudi kwetu Ushirombo? Nitasoma kila mtakachoandika.