Bukari ya Mukono Moja

Mi nilichomelea byuma miaka mingi kwa mugodi wa shaba. Masomo yangu yaliishia darasa la tatu, basi ninaandika vile ninasema. Kupika bukari, ule ugali wetu, nilijifunza kule Nzilo, wakati tulikuwa tunatengeneza mabomba ya baraji, lile bwawa la umeme. Tulikuwa banaume batupu kwa kambi, na yule mwenye bukari yake ilitoka na mabonge tulimucheka juma muzima. Mi nilikuwa wa kwanza kucheka. Sikujua hiyo kazi ya muiko itakuja kunitafuta tena uzeeni.

Kwa parokia yetu, hapa Manika, kuko nyumba ndogo. Pale tunasaidia bantu bakubwa benye bilema bikali bajue kujifanyia bitu bya nyumbani: kuvaa, kufua, kupika. Sheria yetu ni moja: mikono ya musaidizi inakaa nyuma ya mugongo.

Alikuwako mama mumoja, umri wake kama makumi ine. Miguu haimubebe, mukono wa kushoto umekauka, maneno yake yanatoka moja-moja. Mama yake muzazi alikuwa amekufa. Baba yake mukubwa akatuma habari kutoka Kisenge kwamba atakuja kumuchukua, amuweke kwa chumba cha nyuma, batoto bamulishe. Yeye alitaka kubaki kwa nyumba ya mama yake. Huyo muzee akatuma tena kusema: "Nikikuta anajipikia, nitarudi peke yangu."

Bukari inataka mikono mbili, moja ya kushika sufuria, moja ya kusonga. Ukiwa na moja, sufuria inazunguka tu pamoja na muiko. Basi nikachukua mbabula yake, lile jiko la makala, nikaikata miguu kwa kuwa anapika akiwa amekaa kwa mukeka, nikachomelea meno tatu ya kubana sufuria. Bamama majirani, benye kuniita tata, ni kusema baba, bakanichokoza:

"Tata, leo njo unafundisha banamuke kupika?"

"Leteni sufuria zenu, niwaoneshe!"

Miezi mbili alisonga. Aliunguza, alimwanga, alicheka, akaanza tena. Mwishoni bukari yake ilisimama kabisa, ngumu vile inatakiwa. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo.

Siku ile muzee akafika, akakaa kwa kiti pale jikoni; mi nilisimama karibu, mikono nyuma. Mama akawasha makala, maji yakachemka, akatia unga, akasonga. Nikachungulia: bado laini! Na kwetu kumupa mugeni bukari laini ni kama kumuambia arudi alikotoka. Mukono wangu ukatoka nyuma ya mugongo wenyewe. Nikatupa unga kidogo, nikakamata muiko, nikasonga mara tatu.

Muzee akauliza: "Hii bukari sasa ni ya nani?"

Akanigeukia.

"Na wewe tata, ukikufa, nani atamuongezea unga?"

Nikarudisha muiko kwa sufuria. Yule mama akaniangalia, jasho kwa uso.

"Toka," akasema. Nilikuwa ningali nimesimama pale. "Nje!"

Nikatoka, na mvi zangu zote, nikasimama kwa mulango kama muntu aliyefukuzwa mwaka wa kwanza wa kazi. Nikasikia mama anakwangua sufuria, anatoa ile bukari niliyosonga. Maji tena. Kisha muiko: tu, tu, tu. Anapumzika. Tu, tu. Muzee hakuondoka. Nikaanza kutabasamu peke yangu, kwa sababu ule mulio nilikuwa naujua: bukari inakazana.

Muzee akaonja. "Iko na mabonge."

"Kula," akajibiwa.

Muzee akacheka mpaka akakohoa, akakula. Halafu akaniita: "Tata, ingia. Mwenye nyumba amekuruhusu. Kesho mi ninarudi Kisenge peke yangu, nisipofukuzwa leo."

Mama akanimwangia maji ya mikono, kopo kwa mukono wake wa kuume, bila haraka. Nikamega. Bonge kubwa kuliko yote likaniangukia mi, unga mubichi ndani. Yeye alikuwa ananitazama.

Nikalimeza, nikamega ingine.