Mguu wa Mama Abla

Tangu Dzigbordi, mpiga picha wetu, anunue ile kamera ya kuchukua video, mtaani kwetu Hohoe hakuna aliyepumzika. Mwenyewe hakai. Anatoka studio, anaingia, anatoka tena, anachukua video ya mbuzi, ya moshi wa jiko langu, anarudi ndani kutazama, anasonya. Siku moja alinikuta kibandani kwangu nasonga akple, ule ugali wetu, akanielekezea mashine yake na kupiga kelele, "Kafui, usitikisike!"

"We mwanamke una wazimu? Nisipotikisika itaungua! Na hiyo video itakuwa ya nini, ya sanamu?"

Wateja wangu walicheka mpaka bamia zikawapalia. Yeye hakucheka. Maisha yake yote ni picha za kukaa kimya: anakunyoosha shingo, anakuweka mikono mapajani, anakuamuru uzuie pumzi, anabonyeza mara moja, kwisha. Lakini siku hizi maharusi wanataka video, na wote wanakimbilia kwa kijana wa upande wa pili wa soko.

"Nitabaki na picha za pasipoti tu," aliniambia, machozi yanamlengalenga. Nilimwonea huruma, ingawa alishanichosha.

Ndipo akaja Mama Abla. Mguu wake wa kushoto ulipooza msimu wa mahindi uliopita, na mtaa mzima tunajua, isipokuwa bintiye Sitsofe anayesomea uuguzi Ujerumani. Mama aliapa asiambiwe. Anamjua: akisikia tu, atatupa vitabu apande ndege. Na aliyemsaidia kuficha ni Dzigbordi. Kila picha iliyokwenda Ujerumani, mama yuko kitini, vazi lake la kente limeshuka mpaka sakafuni, uso unang'aa. Nani angeshuku?

Sitsofe alishuku. Akapiga simu: "Mama, kwenye picha hata mgonjwa anapendeza. Nataka video, nikuone umesimama. La sivyo nakuja."

"Na mtihani wake wa mwisho ndio huo umefika!" Mama Abla alilia pale studio. "Dzigbordi mwanangu, niokoe."

Basi tukamsimamisha. Mimi nilichuchumaa nyuma yake, nimemkumbatia kiuno chini ya kente, jasho linanitiririka. Dzigbordi anazunguka tu: mara asogeze pazia, mara alirudishe.

"Kafui, kichwa chako kinaonekana!"

"Nikikate?"

Hatimaye akaiweka kamera juu ya meza, akabonyeza. Mama Abla akatabasamu. "Sitsofe, mwanangu, niko imara. We soma."

"Imetoka!" akasema Dzigbordi, kama alivyozoea, akakimbilia kufungua madirisha. Hakubonyeza mara ya pili. Picha haihitaji kuzimwa, bwana.

Mama Abla aliniangukia. Nikamkalisha, nikaushika ule mguu kama gogo nikaunyoosha. "Polepole," akasema. "Ingawa hata ukiuchoma sindano sisikii. Asijue, Kafui. Nikifa kabla hajamaliza, mwambieni nilikuwa namsubiri."

Dzigbordi alirudi, akaichukua kamera, akaizima. Akatazama mwanzo wake, mama amesimama, mwanga mzuri. "Tazama ilivyopendeza!" Akaituma hapo hapo. Mtu aliyezoea picha akiona kipande anadhani kaiona yote.

Simu ya Sitsofe ilitukuta bado tunashangilia. Sura yake ilijaa kioo kizima, imevimba kwa kulia.

"Ni upi, mama?"

"Upi nini?"

"Mguu. Nimeitazama mpaka mwisho; mlitoka kwenye picha, ila nimesikia yote."

Dzigbordi alishika kichwa. Akaenda mlangoni, akarudi, akaenda tena. "Nimekuua, Mama Abla. Nimekuua kwa mikono yangu."

Mama Abla hata hakumtazama. Aliifokea simu. "Usije! Ukija sikufungulii mlango, nakuapia!"

"Siji. Nitafanya mtihani wangu." Sitsofe akafuta pua kwa kiganja. "Lakini nasomea nini, mama, ikiwa mgonjwa wangu wa kwanza ananikimbia? Nionyeshe."

Nikaichukua simu, nikamshikia.

Mama Abla akaivuta kente mpaka juu ya goti. Akauinua mguu kwa mikono yake miwili, akauweka juu ya kiti kingine, mbele ya simu.

"Huu hapa," akasema. "Uko baridi, mwanangu. Usiku kucha uko baridi."