Baridi Iliyomkimbiza Bi Zuhura

Jamani, leo nimeitwa kutengeneza AC, kumbe naitwa kuokoa ndoa!

Mzee Athmani amestaafu, akanunua gari la kulala, lile lenye kitanda na jiko ndani, atembee na mkewe.

Mkewe huyo, Bi Zuhura, amelikimbia. Yuko kwa dadake, huko Mambrui. Asema gari lile ni jokofu.

"Shikamoo, mzee. Baridi huanza lini?"

"Marahaba, mwanangu. Kila jioni. Nikimuona atetemeka, humpikia kahawa ya tangawizi. Basi hapo ndipo baridi huzidi!"

Nikaitafuta themostati, kile kidude kinachopima joto na kuiamuru AC.

Nikaikuta imefungwa juu ya jiko. Palepale pa kahawa!

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kila mzee akichemsha, kidude hudhani gari zima laungua, AC ikazidi kupuliza.

"Mzee, mapenzi yako ndiyo yamgandishayo bibi."

Masikini, alishika kichwa.

Nikaiondoa themostati ile, nikafunga mpya ya dijitali karibu na kitanda. Mzee akapiga simu, sauti chini kama kijana anayeposa. "Mama Omari, rudi. Makosa yalikuwa yangu."

Bi Zuhura akaja na tuktuk, kajifunika shali mbili. Akaketi. Mzee akatia birika motoni. Sote watatu tukasubiri.

Hewa ikabaki tulivu.

Bi Zuhura akavua shali moja, kisha ya pili.

"Haya, Baba Omari. Washa gari, twende."

Nanyi semeni kweli: ni wema gani wenu uliowahi kumtesa mpendwa wenu? 😂