Ng'ombe Asiye na Nzi

Kwa miaka mingi nimesoma habari za watu wengine katika redio yetu ndogo ya hapa Bunia, na kila mara nimejitahidi kuzipanga sawasawa, nani alifanya nini, wapi na kwa nini, lakini hii ya kwangu kila nikiianza hunitoka vipande vipande, kwa sababu aibu haipendi kupangwa. Hata hivyo leo nitaisema yote. Wale ambao mmekwisha kuisikia kwa tante Jeanne, shangazi wa ukweni, naomba mpunguze nusu (yeye huwaambia watu kwamba nililia, sikulia, simu ilikuwa na moto na jasho likaniingia machoni).

Siku ile mdogo wangu Innocent alikuwa anatoa mahari kwa akina Grâce, kule Mudzipela. Mahari kwetu ni ng'ombe, na kwa desturi ukweni hutuma wanaume wawili waende malishoni kuwaona ng'ombe wenyewe, wawashike migongo, wawafungue midomo, warudi na neno. Lakini ng'ombe wetu walikuwa upande wa Djugu na barabara ile ilikuwa mbaya majuma hayo (kila mtu wa hapa anajua mbaya ya namna gani, wala si ya matope), basi wazee wa pande mbili wakakubaliana jambo ambalo babu zao wasingelikubali kamwe: ng'ombe wataonyeshwa kwa picha, kwenye televisheni, na picha hizo zitashika nafasi ya macho. Mchungaji wetu akawapiga picha, akawa anazituma kila alipopanda kilima kutafuta mtandao, na mimi nikapewa kazi ya kuzipanga katika simu yangu.

"Weye uko jurnaliste," aliniambia baba mdogo Lonema, ambaye ndiye angekuwa msemaji wetu. "Kazi yako ni kuonyesha batu mambo ya kweli."

Neno hilo nimelikumbuka mara nyingi tangu siku ile.

Maana hatari ilikuwepo, na wote tuliijua. Kabla yetu kijana mmoja alikuwa ameposa binti mwingine wa ukoo ule kwa njia hiyohiyo ya picha, na baadaye ikaonekana kwamba ng'ombe wale walikuwa wa mtu mwingine kabisa. Papa Budza, baba mkubwa wa Grâce, aliyekuwa anasimama mahali pa baba yake marehemu, aliapa mbele ya ukoo wote kwamba picha ya uongo ikiingia tena nyumbani kwake, hata moja, binti hatoki. Innocent alikuwa hali, halali, anazunguka tu uani akiniuliza kama simu ina chaji.

Tukafika, tukasimamishwa langoni. Hiyo nayo ni desturi, upande wa mume lazima ungoje nje mpaka uive kidogo kwa jua, na sisi tuliiva sana. Wazee walisinzia kwenye viti vya plastiki. Mimi nikatoa simu, nikafungua mchezo wangu.

Niwaeleze sasa mchezo wenyewe. Unaachwa peke yako katika nchi pana ya vilima na nyasi, una fimbo na kamba tu, na kazi yako ni kuwatafuta wanyama ambao hawapo popote duniani, uwanase, uwafuge. Uzuri wake sijui kama mtu wa mbali ataujua kama sisi: ukiona kilima kule mwisho wa macho, unaweza kukiendea. Unatembea tu. Hakuna bariere, hakuna askari wa kukuuliza karatasi, na mvua unaiona ikivuka bonde taratibu kama inavyotujia hapa Bunia. Lakini ubovu wake nao ungejaza lori. Picha zinakwama. Simu inapata moto kama pasi. Wanyama wanazama katika mawe mpaka magotini, au wanainuka hewani bila sababu na kubaki wananing'inia miguu juu. Tena mchezo hauweki kazi yako mpaka ufike kwenye moto wa kambi. Ukiufunga kabla ya hapo, kila ulichonasa kimekwenda. Na ukipiga picha humo ndani, picha hiyo inaingia katika simu pamoja na picha zako nyingine zote, za harusi, za mazishi, za ng'ombe.

Pale langoni, baada ya majuma ya kumtafuta, nikamwona: ng'ombe mwekundu wa pembe za buluu, amesimama juu ya mwamba (tuseme ndani ya mwamba, maana miguu yake ilikuwa imezama). Nilikaribia kwa kunyata, nikampiga picha, nikamrushia kamba, nikamnasa. Wakati huohuo lango likafunguliwa na baba mdogo akanigusa bega.

Hapo nikafanya uamuzi wangu mdogo. Kambi ilikuwa mbali na kuufunga mchezo ni kumpoteza yule ng'ombe, basi sikuufunga, niliuficha tu nyuma ya mambo mengine ya simu, nikaitia simu mfukoni, nikaingia ukweni huku paja linaungua.

Sebuleni walikuwa wametupangia viti vizuri. Grâce alikuwa nyuma ya pazia la mlango wa ndani, kwa sababu bibi arusi hasemi wala haonekani mpaka aitwe, ila viatu vyake vyeupe tuliviona chini ya pazia. Nikaunganisha simu na televisheni kwa waya. Papa Budza, kofia iko juu ya goti, akakohoa.

"Musikie muzuri," alisema. "Ngombe yenye macho yetu itaona hapa, tumepewa. Hairudi tena kwenu. Njo vile bankambo, babu zetu, balifanya."

"Tumesikia," tukajibu wote.

Nikaanza. Kila picha ilipotokea baba mdogo Lonema aliisifia kama inavyompasa msemaji, huyu mama wa maziwa, huyu mtulivu kama padri, huyu hajawahi kuugua, na akina mama wa upande wetu wakapiga vigelegele, na Papa Budza akatikisa kichwa kidogo, na mimi nikamwona Innocent anaanza kupumua. Nilikuwa nimezipanga za zamani mbele na mpya nyuma. Nikafika kwa ng'ombe wa mwisho, mwenye kipaji cheupe. Kazi ilikuwa imekwisha. Lakini kidole changu, kwa mazoea tu, kikasukuma mara moja zaidi.

Baba mdogo macho yake yana ukungu, aliona wekundu na pembe.

"Na hii!" akapaza sauti. "Hii njo mama ya kundi yote! Mbegu ya nkambo yetu mwenyewe! Muangalie pembe!"

Vigelegele vikalia, kisha vikapungua kimoja kimoja mpaka akabaki mama mmoja peke yake, naye akanyamaza katikati.

"Simama hapo," alisema Papa Budza. "Lonema, hii ngombe miguu yake iko wapi?"

"Iko mu matope," alisema baba mdogo bila kusita (msemaji harudi nyuma).

"Ile ni majiwe."

"Matope ya kwetu inakaukaka sana, Papa."

"Na pembe? Mbona inawaka?"

"Jua. Jua ya kule iko kali."

Niliziona njia mbili na zote zilikuwa mbaya. Nikisema kweli, picha ya uongo imeingia nyumbani kwa Papa Budza, na tulijua alivyoapa. Nikinyamaza, ng'ombe wa pembe za buluu amekwisha kuonwa kwa macho, amesifiwa, na lazima tumlete. Viatu vyeupe chini ya pazia vilikuwa vimesimama. Innocent alikuwa ananitazama, wala hakuwa na hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Nikajaribu njia ya tatu, ya kijinga: nimpitishe haraka, nirudi kwa mwenye kipaji cheupe. Simu ilikuwa imekwama kwa moto. Nikabonyeza. Haikusikia. Nikabonyeza tena, mara nyingi, mahali pengi, na hapo ikasikia yote kwa pamoja, na mchezo ukaruka mbele na ngoma zake zote, sauti juu kabisa, na ng'ombe mwekundu akatoka katika mwamba, akawatazama wazee, akalia mlio kama mlango wenye kutu, kisha akainuka polepole hewani, akapinduka, akakwama hapo juu, miguu inaelekea mbinguni, pembe zinawaka buluu.

"Damu ya Yesu!" alipiga kelele tante Jeanne, shangazi yake Grâce, na chupa yake ya sukre (soda yetu ya hapa) ikaanguka ikamwagikia zulia.

Nikaushika waya niuchomoe.

"Hapana," alisema Papa Budza. "Usizime. Sema kwanza."

Nikasimama. Nimewahoji watu wengi, sikuwahi kuhojiwa. Nikasema ni mchezo wa simu, kwamba mtu anatafuta wanyama wasiokuwepo na kuwafuga.

"Unafuga ngombe yenye haiko?"

"Ndiyo, Papa."

"Inatoa maziwa?"

"Hapana, Papa."

"Weye uko na miaka ngapi?" aliuliza tante Jeanne, lakini Papa Budza akamnyamazisha kwa mkono.

"Na unaikamata wapi?"

"Mu vilima, Papa. Unatembea tu, unaenda kwenye unataka."

"Bariere?"

"Haiko."

Alitazama vile vilima nyuma ya ng'ombe aliyepinduka. Kisha uso wake ukafunga tena.

"Na ile zingine zenye ulituonyesha?"

"Zile ni za kweli, Papa. Naapa."

"Mi nitajua je? Ule kijana wa kwanza naye aliapa. Naye alikuwa na mudomo tamu. Leo mutu anaweza kutengeneza ngombe na pembe na milima na mvua, halafu nimutoe mutoto wangu kwa vile? Niliwaambia: hata moja."

Akaichukua kofia gotini, akaivaa. Kwetu mzee akivaa kofia sebuleni kwake, wageni wanatafuta viatu. Innocent alipiga magoti palepale kwenye zulia lenye sukre.

Na ndipo pazia likasema.

"Beau-frère," ilikuwa sauti ya Grâce, ambaye hakupaswa kusema, akiniita mimi, shemeji yake. "Hiyo yenye iko juu, iko na nzi?"

"Nyamaza, weye!" tante Jeanne akamkemea. "Bibi harusi anauliza nzi?"

Nikamtazama ng'ombe wa televisheni, kwenye macho, kwenye mkia. Alikuwa safi kama sahani.

"Haiko na nzi," nikajibu.

"Basi rudisha zile zingine. Uzikuze."

Simu ilichukua muda kuniruhusu, nikawa naipuliza ipoe. Mwishowe yule mwenye kipaji cheupe akarudi. Nikalivuta jicho lake mpaka likajaa televisheni nzima, na hapo walikuwepo, nzi, wamejipanga pembeni mwa jicho kama watu kisimani. Papa Budza alisimama, akavaa miwani, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Akasema niendelee. Nikaendelea. Aliwapitia wote, nzi machoni, kupe chini ya sikio, mavi yaliyokauka mkiani, kidonda kimoja begani ambacho baba mdogo hakukitaja katika sifa zake. Hakuwa na haraka hata kidogo. Innocent bado alikuwa magotini.

Papa Budza akarudi kwenye kiti. Akavua kofia.

"Batu ya mashini bamesahau nzi," alisema. "Hizi ni ngombe."

Kelele za furaha zilizopigwa hapo siwezi kuzieleza. Lakini mzee alikuwa bado ameinua mkono.

"Bon. Sasa tuseme juu ya ile moja."

"Moja gani?" aliuliza baba mdogo.

"Ya pembe ya buluu. Tumeiona kwa macho. Bamama bamepiga bigelegele. Tumepewa."

"Papa! Ile iko mu simu!"

"Lonema, si weye mwenyewe ulisema ni mbegu ya nkambo yako?"

Kwa mara ya kwanza siku ile upande wao ukacheka, hata pazia likatikisika, na upande wetu wote ukanigeukia mimi. Nina mtamba mmoja tu. Mama yangu aliniachia, kwa ajili ya mahari yangu mwenyewe siku nitakapojaliwa (na watu hawaachi kuniuliza siku hiyo ni lini). Nilimtazama Innocent na goti lake linalonata sukari, nikasema mtamba wangu atashika nafasi ya yule.

Jioni, nje, nikaufungua mchezo. Ulikuwa umejifunga wenyewe kwa moto wa simu. Nikajikuta juu ya kilima kilekile, fimbo na kamba mkononi, na yule ng'ombe hayupo. Nikaufuta palepale, na nimeapa kwamba hata nikija kuurudisha (sisemi sitaurudisha), nikiitwa tena ukweni kwa mtu yeyote, simu yangu itabaki nyumbani na kamwe sitaonyesha watu picha ambayo sijaikagua mpaka jicho.

Barabara ilipotulia nilikwenda mwenyewe na mchungaji kuwatoa ng'ombe. Nilimwona mtamba wangu juu ya kilima, miguu yote minne juu ya nyasi, mvua inakuja nyuma yake kutoka ng'ambo ya bonde, na nikasimama kidogo kwa sababu nilipafahamu mahali pale, au niliona kama napafahamu. Tulikuwa tumepita bariere nyingi kufika. Simu ikalia.

"Umeifikia?" aliuliza Papa Budza.

"Niko nayo hapa, Papa."

"Iko na nzi?"

Mtamba alitikisa kichwa, nzi wakaruka, wakarudi walipokuwa.

"Iko nazo, Papa," nilimwambia. "Mingi sana."