Vidonge Visivyo na Jina

Ijumaa baada ya sala nilipata habari kwamba mtaalamu wa maabara aliyefanya kazi miaka mingi hospitalini, upande wetu huu wa Kibiti, amefariki. Hatukuwa marafiki. Tulisalimiana barabarani, na zamani mimi nilipenda kumtania mbele za watu kwamba kutwa nzima anachungulia mikojo ya wenzake. "Na wako nitauona tu, bwana," alikuwa akijibu taratibu, watu wakacheka, naye akaenda zake. Lakini alijua jambo langu moja nililowaficha wengine, na tangu nisikie amezikwa sijapata utulivu.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Vitu tulivyovipangia foleni vikajaa madukani, na mtu mwenye elimu ya sekondari kama mimi akaweza kufungua duka la dawa baridi, zile zinazouzwa bila cheti cha daktari. Nilinunua vidonge kwa makopo Dar es Salaam, nikavihesabu juu ya kaunta na kuvifunga katika karatasi za daftari. Juu yake niliandika "3 x 3", basi. Jina la dawa sikuliandika, maana mteja akilijua angekwenda kuinunua kwa jirani. Wenye maduka wengi tulifanya hivyo, na tuliuona ni ujanja.

Siku moja aliingia mchuuzi wa kamba wa baharini kutoka Salale, kule delta ya Rufiji, akiwa na mkewe, macho yake yamegeuka manjano, mwili una homa. Nilimpa parasetamoli tatu asubuhi, tatu mchana, tatu jioni, za siku kumi. Kipimo hicho kilizidi hata kwa mtu mzima mwenye afya. Nilikipandisha mwenyewe kwa sababu wateja walipenda dawa kali. Nikamsisitiza mkewe asimwache aruke hata kimoja. Juma halikuisha, mgonjwa akalazwa.

Mtu wa maabara akaja dukani na karatasi yangu mkononi, akaniomba tutoke nje. Alisema ini la yule bwana limeumia lakini halijafa, na ini lina ajabu yake: likipungua, seli zilizobaki hugawanyika na kulijaza tena. Akanichorea kwa kidole kiganjani mwake jinsi kila seli ilivyo na utando, na katika utando huo kuna protini iliyosimama nusu nje, nusu ndani. Amri ya kukua ikija na damu, protini hiyo ndiyo huipokea nje na kuipitisha ndani.

"Amri inafika," alisema, "lakini seli ikishalemewa na sumu, nani ataitekeleza? Hivi ni vidonge gani, ndugu yangu? Mkewe bado anampa."

Nilifikiria leseni, nikawafikiria watu waliosimama kaunta. Nikamwambia ni vitamini.

Siku ya tatu nilishindwa kula, nikaenda hospitali kumwambia ukweli. Alikimbia wodini. Daktari alivizuia vidonge saa ileile, lakini mgonjwa alikwisha kupoteza fahamu, na kesho yake akafariki. Mtu wa maabara hakunitukana. "Daktari nimemweleza," alisema. "Mjane utamweleza mwenyewe." Kila tulipokutana baada ya hapo alinisalimu, akasimama kidogo kama anayesubiri, kisha akaendelea na njia. Mimi nilifunga duka, nikaanza kuandika magazetini na kuwahubiria wengine habari za ukweli.

Juzi nilipanda boti hadi Salale. Nilimkuta mjane anapepeta mchele, bibi sasa, nikamweleza yote. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Kisha akaweka ungo chini.

"Nilimpa kwa mkono wangu huu, mzee mwenzangu. Ndugu zake wakasema nimemlisha kitu, wakanitoa nyumbani na wanangu. Na mimi mwenyewe nikaja kuamini labda nilikosea kuhesabu."

Nilidhani kimya changu kinanificha mimi tu. Kumbe kosa nililolikana halikubaki bila mwenyewe. Alibebeshwa mwanamke ambaye hakukosa ila kufuata maelekezo yangu. Ukweli uliocheleweshwa huwa kuna mtu anayeulipia, na mara nyingi siye aliyeuficha. Mjane ameniomba nikayaseme haya mbele ya shemeji zake waliobaki hai, na nimekubali. Nimeyaandika hapa kwanza ili siku hiyo ikifika nisipate njia ya kurudi nyuma.