Nilisubiri Shamba Liishe Kulimwa

Ndugu msomaji, kosa ni langu. Nimechoka kulizungukazunguka.

Nilikuwa balozi wa nyumba kumi katika kijiji chetu cha ujamaa, huku Singida. Katika nyumba zangu alikuwamo bwana mmoja mwenye plau na ng'ombe wa kulimia, pekee kijijini. Shamba la kijiji lilimtegemea yeye.

Bwana huyo alibaki na binti wa kambo wa miaka saba hivi, mama yake akiwa amefariki. Alikuwa akimpiga. Si viboko vya adabu, jamani! Alimpiga kwa mjeledi wa ng'ombe, kwa ngumi, kwa chochote.

Asubuhi moja jirani yake, mama mmoja mpole, alinijia.

"Shikamoo, balozi. Yule mtoto tutamzika. Bibi yake mzaa mama yupo Unyambwa, anamtaka. Mpeleke."

"Marahaba. Sasa mama, tukimuudhi yule bwana, nani atatulimia? Mvua ndiyo imeanza."

"Kwa hiyo?"

"Tumalize kwanza shamba la uwele."

Nikajiona nina akili! Upande huu chakula cha kijiji kizima, upande ule mtoto mmoja. Na Unyambwa ni mwendo wa nusu siku kwa miguu. Nusu siku tu ndiyo niliyoionea uchungu.

Siku ya nne yule bwana akampiga mtoto kichwani kwa mpini wa jembe.

Wanaume tulimbeba kwa machela hadi hospitali ya mjini, siku nzima hakuna aliyelima. Wanawake wakapokezana kumuuguza mpaka palizi ikapita. Yule bwana akatoroka na ng'ombe wake. Shamba likabaki nusu, likaota magugu. Nilichokiogopa chote kilinipata, na mtoto naye akaumia!

Alipona, akapelekwa kwa bibi yake, lakini masikio yalikufa yote mawili.

Ubalozi walininyang'anya. Walifanya haki, na wala sikuona uchungu. Nilikwenda Unyambwa kuomba radhi. Bibi yake alinisikiliza, akasema, "Mwambie mwenyewe."

Nikachuchumaa mbele ya mtoto, nikasema yote. Alinitazama mdomo mpaka mwisho, kisha akamgeukia bibi yake.

"Bibi, anasemaje huyu babu?"

Nilirudi nyumbani nimechoka, na uchovu huo ninao hadi leo.

Wewe uliye balozi sasa, ukiletewa habari kama ile, usikae kupima hasara. Inuka ukamchukue mtoto angali anakusikia.