Mwalimu Asiyeshika Watoto Mkono

Kwang'! Mlio wa mkebe uliogonga jiwe haukumtoka Nakaale sikioni kutwa nzima. Akigawa uji anausikia, akifagia darasa anausikia. Mkebe wenyewe ulikuwa mdogo, wa maziwa ya unga. Aliyeanguka nao ni Fathia, binti wa mwenye duka Nasteho, na kidevu kilipasuka.

Nakaale ni mwalimu wa chekechea hapa Kakuma. Alizaliwa Lodwar, kando ya mto Turkwel, na kama wasichana wa kwao alibeba maji kichwani kabla hajajua kuhesabu: kwanza kopo, kisha sufuria, kisha mtungi wa plastiki. Mama yake alitangulia tu, naye akafuata, shingo ikajifunza yenyewe. Ndiyo maana katika uwanja wake wa mchanga hakuna mtoto anayeshikwa mkono. Wanapanda gogo, wanaruka mtaro, wanajitwika mikebe ya maji kutoka bombani na kuinywesha miche ya mwarobaini. Mtoto akianguka, Nakaale hamkimbilii. Humuuliza kwa mbali, "Umeona nini huko chini?"

"Sisimizi, ticha!"

"Wasalimie, uinuke."

Wapo wanaojiangusha makusudi ili nao waulizwe.

Fathia hakuwa wa kujiangusha. Uchangani aliugua sana, akachelewa kutembea, na mpaka leo mama yake humleta mgongoni, miguu mirefu ikining'inia. "Mzigo umefika!" mwanafunzi mwenzake, Nyachuol, hupiga kelele juu ya gogo, na wenzake hucheka.

Siku hiyo ya kidevu, Nasteho alifika akiwaka.

"Mwalimu, huyu si wa kubebeshwa maji. Miguu yake haina nguvu, mimi ndiye niliyemzaa. Akianguka tena, atakaa nami dukani, basi!"

Nakaale hakubisha. Watoto walipoondoka, aliviringa kanga ikawa ngata, akaiweka kichwani, akaweka mkebe juu yake, akatembea. Ulitulia tuli. Kisha akajitanda mtandio laini unaong'aa, kama hijabu ya Fathia, akarudia. Hata gogo hakulifikia. Ngata iliteleza, maji yakamwagikia kifuani. Alisimama pale akilowa. Tangu aanze kazi amezoea watoto wa vichwa vitupu, ambao ngata hushika kwenye nywele. Hakuwahi kufikiria kitambaa.

Asubuhi alipitia dukani.

"Ejok, Mama Fathia," alisalimia kwa Kiturkana. "Kosa la jana ni langu. Hijabu yake inateleza, ngata haikupata pa kushika. Unayo ya pamba?"

Nasteho aliacha kupima sukari. "Kwa hiyo si miguu?"

"Si miguu. Ila yeye ameshaamini ni miguu."

Nasteho aliufunga mfuko wa sukari. Kisha akashusha jora la pamba kutoka rafuni, akakata, akapinda ukingo kwa mkono wake. "Lakini nakuja kusimama palepale," alisema.

Uwanjani Fathia, hijabu mpya kichwani, alikunja uso. "Siwezi, ticha. Miguu yangu ni migonjwa."

"Nani kakuambia? Beba ngata tu."

Akaibeba, ikakaa. Akabeba mkebe mtupu, ukakaa. Ndipo mwenyewe akaenda bombani kuutia maji, bila kutumwa.

Alianza kutembea polepole, vidole vikishika mchanga, Nakaale nyuma yake na mikono mgongoni. Karibu na mtaro mkebe uliyumba, maji yakamchuruzikia begani. Fathia alisimama. Akatanua mikono, akasubiri, shingo ikatafuta mahali pake ikapapata. Juu ya gogo Nyachuol alisahau kufunga mdomo. Fathia akainua mguu mmoja, akauvuka mtaro, miche ikiwa mbele yake sasa.

Nasteho, aliyesimama kando ya mtaro, alivuta pumzi, akanyoosha mkono kumwita mwanawe.

Nakaale akausogelea ule mkono, akaushusha taratibu.

"Usimwite, Mama Fathia," alinong'ona. "Mwache afike."